Nyumba ya zamani, nyumba mpya au fleti: ipi itakupa raha mwaka mzima?

Nyumba ninayoishi niliitembelea mara tatu kabla ya kulipa, na mara zote tatu jua lilikuwa linawaka. Kuta nyeupe, sakafu kavu, upepo unapita sebuleni. Mvua zilipoanza, miezi minne baadaye, nilisogeza kabati la nguo nifagie nyuma yake. Ukuta ulikuwa umetoa unga mweupe kama chumvi, rangi imefura malengelenge, na koti lililoegemea upande ule limeota ukungu mgongoni. Nilibonyeza lengelenge moja. Likapasuka, kidole kikatoka kimelowa.

Muuzaji hakunidanganya, maana sikumuuliza. Nilikagua nyumba ya kiangazi nikalipia nyumba ya mwaka mzima. Tangu siku hiyo, kila ndugu au rafiki anayeniambia anatafuta nyumba, mimi humuuliza kwanza: umeiona ikinyeshewa?

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyekwama kati ya njia tatu ambazo wanunuzi wengi huishia kuzipima. Ya kwanza ni nyumba ya zamani, iliyosimama miongo mingi, mara nyingi kwa kuta nene za mawe, udongo au tofali za kuchoma. Ya pili ni nyumba mpya, iliyomalizika karibuni na ambayo pengine bado inanuka rangi. Ya tatu ni fleti kwenye jengo la ghorofa, ambapo unamiliki vyumba vyako huku paa, ngazi na mabomba makuu yakiwa ya wote. Nimeishi katika zote tatu, moja kama mmiliki na mbili kama mpangaji. Kila moja ilinipa kitu na kila moja ilinisumbua kwa namna yake.

Vigezo kwanza

Nitazipima kwa mambo manne: zinavyokabili joto, zinavyokabili baridi, zinavyokabili mvua na unyevu, na mwisho nani anazitunza na nani mwenye uamuzi. Bei siyo kigezo hapa, kwa sababu bei ya kununua unaiona siku ya kwanza. Gharama inayowashtua watu ni ile ya kuifanya nyumba ikalike baada ya kuhamia.

Kabla ya kupima, jiulize msimu wako mgumu ni upi. Mtu anayeishi penye mchana wa moto na usiku wa baridi ana shida tofauti kabisa na anayeishi penye joto la unyevu usiku na mchana, au penye miezi ya barafu. Nyumba inayomfaa mmoja yaweza kumtesa mwenzake. Usiihukumu nyumba kwa siku nzuri uliyoiona. Ihukumu kwa wiki mbaya kuliko zote katika mwaka.

Tenganisha pia kinachobadilika na kisichobadilika. Dirisha hubadilishwa, dari huongezwa, rangi hupakwa upya. Kuna mambo matatu ambayo utabaki nayo: upande nyumba inakotazama, mwinuko wa kiwanja ukilinganisha na majirani, na jengo lililo mbele ya madirisha yako. Nyumba yenye kasoro nyingi za kubadilika ni kazi tu. Yenye kasoro ya aina ya pili utaishi nayo hadi uiuze.

Joto

Ukuta mnene hufanya kazi kama mtungi: hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Jua la mchana linapogonga ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita, joto huchukua saa nyingi kufika ndani, na linapofika tayari ni usiku. Kama usiku wenu una baridi, unafungua madirisha, ukuta unapoa, na kesho unaanza upya ukiwa mtulivu. Hapo ndipo nyumba ya zamani inaposhinda, hasa ikiwa na dari ndefu inayoliacha joto lipande juu ya vichwa vya watu. Penye usiku usiopoa, ukuta uleule hugeuka adui. Unakunywa jua mchana kutwa, halafu unakupumulia usiku kucha wakati nje kuna afadhali.

Jaribio lake halina gharama. Nenda saa mbili usiku, siku ya joto, uweke kiganja kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha kulala upande wa magharibi. Ukikuta una joto kama ubavu wa mnyama, utalala na joto hilo.

Nyumba mpya mara nyingi ina kuta nyembamba, paa la bati na madirisha makubwa ya kioo. Hupata joto haraka na hupoa haraka, jambo ambalo penye unyevu na usiku wa joto ni faida, mradi upepo una pa kuingilia na pa kutokea. Tatizo lake kubwa huwa paa. Bati lenye rangi ya giza chini ya jua kali laweza kupita nyuzi 60 za selsiasi, na bila tabaka la kuzuia joto juu ya dari, joto hilo lote hushuka chumbani. Muulize anayekuuzia: juu ya dari pamewekwa nini? Kisha omba ngazi upande uone kwa macho yako. Mimi nimepanda mara mbili. Mara moja nilikuta tabaka zuri lililolazwa kwa uangalifu. Mara ya pili nilikuta bati, mbao na mwanga wa jua ukipenya kwenye matundu ya misumari. Nyumba hizo mbili zilifanana kila kitu kwa nje.

Katika fleti unachonunua hasa ni nafasi yako ndani ya jengo. Ya ghorofa ya kati ina majirani juu, chini na ubavuni wanaoikinga na jua kama nguo. Ya juu kabisa imebeba zege la paa kichwani, na zege lililopikwa na jua mchana huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Hesabu pia pande zenye madirisha. Fleti yenye madirisha upande mmoja tu haipitishi upepo hata ukiyafungua yote, kwa sababu hewa isiyo na njia ya kutokea haina haja ya kuingia. Fleti ya kona ni nadra na huuzwa haraka, na sababu ni hiyo.

Kuhusu jua lenyewe: ukiwa mbali na ikweta upande wa kaskazini, jua la miezi ya baridi huja kutoka kusini, ukiwa mbali upande wa kusini, huja kutoka kaskazini. Karibu na ikweta jua hubadilisha upande kadiri miezi inavyokwenda, lakini mashariki na magharibi hupigwa kila siku, na magharibi ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa jua la alasiri hukuta hewa imeshapata moto. Jua la juu huzuiwa na ukingo mpana wa paa. La magharibi hupita chini ya ukingo huo likaingia moja kwa moja, na dawa yake ni mti, pazia la nje au luva, yaani vibao vilivyoinamishwa mbele ya dirisha. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana joto limeshapita kioo.

Na feni: haipozi chumba, inapoza ngozi. Kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kulipia umeme bure.

Baridi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 msimu wa baridi, na liwe juu zaidi kwa wazee, watoto na wagonjwa. Kwa anayeishi penye kipupwe kikali namba hiyo ndiyo kipimo. Kwa wengine, baridi ni wiki chache za kuvaa sweta ndani, na wanaweza kukipa kigezo hiki uzito mdogo.

Nyumba ya zamani hupoteza joto kwenye mianya: fremu zilizopinda, mlango usiofika chini, tundu la bomba lililoachwa wazi. Mwanya huzibwa kwa gharama ndogo, na ni kazi ya kwanza ya kufanya. Lakini ukuta mnene ukishapoa huchukua muda mrefu kupata joto. Anayeshinda nyumbani na kuwasha moto mdogo siku nzima atafurahia. Anayerudi jioni na kutaka chumba kiwe na joto ndani ya nusu saa atakuwa anaupasha ukuta kabla ya kujipasha mwenyewe.

Nyumba mpya iliyojengwa vizuri hushinda hapa. Madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi katikati, dari yenye tabaka na milango inayobana huhifadhi joto kwa muda mrefu. Ila nyumba inayobana hivyo hubana na pumzi za watu, kwa hiyo lazima iwe na njia rasmi ya hewa, vinginevyo asubuhi vioo vitakuwa vinatoka jasho. Ukiona maji yamesimama chini ya fremu za dirisha jipya, usimlaumu fundi wa dirisha. Hewa ya chumba ndiyo iliyojaa.

Fleti ya katikati hupata joto la majirani bila kulipia. Nikiwa mpangaji kwenye ghorofa ya tatu kati ya tano, kuna wiki sikuwasha chochote. Rafiki yangu aliyepanga ya pembeni juu kabisa, jengo lilelile, alilala na soksi.

Katika nyumba yoyote kati ya hizi, usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto, wala usiwashe jenereta ndani au karibu na dirisha. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Nyumba inayobana vizuri huifanya hatari hiyo iwe kubwa zaidi.

Mvua na unyevu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia na ndipo wanunuzi wengi wasipoangalia.

Anza na hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipigwa mvua ya milimita 30 kwa jioni moja limepokea lita 3,000. Maji hayo lazima yaende mahali. Zunguka nyumba ufuate safari yake: kutoka paani, kwenye mifereji, kwenye bomba la kushukia, hadi mwisho. Bomba likiishia kwenye mguu wa ukuta, umeshajua ukuta gani utalowa.

Unyevu huingia kwa milango mitatu, na kila mmoja una dalili zake. Unaotoka ardhini hupanda kama mafuta kwenye utambi, huishia takriban mita moja kutoka sakafuni, na huacha chumvi nyeupe na lipu inayobomoka kama biskuti. Unaotoka juu au ubavuni, yaani kuvuja, huacha doa lenye ukingo wa kahawia linalokua baada ya kila mvua. Wa tatu hutoka kwetu wenyewe: pumzi, sufuria, kuoga, nguo zinazoanikwa ndani. Hujikusanya kwenye kona za baridi na nyuma ya makabati, na huota ukungu mweusi wa vidoadoa. Kuzitofautisha ni muhimu kwa sababu dawa ni tofauti. Kufungua madirisha hakutibu paa linalovuja, wala kupaka lami paani hakuondoi ukungu wa bafuni.

Kwenye nyumba ya zamani tuhuma ya kwanza ni ardhi. Nyingi hazikuwekewa tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta. Wajenzi wa zamani waliishi na hilo kwa kutumia chokaa, ambayo hupitisha unyevu: ukuta hulowa kidogo, kisha hukauka wenyewe jua likitoka. Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida ya leo, ilipata hataza (haki ya uvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, na ilipoenea, watu wengi wakaanza kukarabati kuta za chokaa kwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta wakidhani wanaziimarisha. Saruji ngumu juu ya ukuta laini huziba matundu yake. Maji yaliyokuwa yakitoka hubaki ndani, yakipanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Ndivyo ilivyokuwa chumbani kwangu. Fundi niliyemwita hakugusa rangi. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza, na kila mahali palipolia kama debe tupu alichora kwa chaki. Alipobandua saruji, ukuta wa ndani ulikuwa na rangi ya udongo uliotoka kumwagiliwa. Tuliuacha wazi kwa wiki nyingi za kiangazi, tukaushusha mtaro wa nje chini ya usawa wa sakafu, kisha akapiga lipu ya chokaa. Msimu uliofuata kabati lilirudi mahali pake, safari hii likiwa limeachiwa upana wa kiganja kutoka ukutani. Halijanuka tena.

Nasimulia hivyo ili usiikimbie nyumba ya zamani kwa sababu ya ukuta uliolowa. Ukuta wa namna hiyo hutibika. Unachopaswa kukimbia ni nyumba ambayo kiwanja chake kiko chini kuliko barabara na majirani wote, maana huko maji huja kwa haki ya mteremko na hakuna fundi atakayeyarudisha.

Nyumba mpya ina unyevu wake usiosemwa: maji ya ujenzi. Zege hupimwa uimara siku ya 28, lakini kukauka kwa kuta, sakafu na lipu huchukua miezi mingi zaidi. Mwenye nyumba anapohamia haraka, akapaka rangi ya mafuta na kusukuma makabati hadi ukutani, anafungia maji hayo ndani. Mwaka wa kwanza fungua madirisha kila siku inaporuhusu, acha nafasi nyuma ya samani, na ahirisha karatasi za ukutani. Angalia pia viwanja vya jirani ambavyo havijajengwa. Leo maji yanapita huko. Kesho jirani atajaza kifusi na kuinua kiwanja chake, na maji yatahamia kwako.

Kwenye fleti unyevu wa ardhini ni shida ya ghorofa ya chini tu, na kuvuja kwa paa ni shida ya ghorofa ya juu. Ya kati ina majirani wa juu. Bafu lao likipoteza kizuia maji, dari yako ndiyo itakayokuambia. Ingia bafuni na jikoni utazame pembe za dari. Doa la maji lililofichwa kwa kupakwa rangi juu yake huonekana ukiangaza tochi kwa kuilaza. Zaidi ya hapo, fleti isiyo na roshani ya kuanikia inakulazimisha kuanika ndani, na mzigo mmoja wa nguo mbichi huachia hewani lita nzima au zaidi.

Jambo moja hunivutia kila ninapolikumbuka: kiyoyozi cha kisasa hakikuanza kwa ajili ya joto. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kufuatana na unyevu wa hewa, rangi zikawa hazikai sawa. Shida ilikuwa unyevu. Mara nyingi hata sisi tunasema nyumba ina joto, kumbe hewa yake imejaa maji na jasho halikauki. Kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, tafuta maji yanatoka wapi.

Na chochote kikilowa ndani, kikaushe ndani ya saa 24 hadi 48. Baada ya hapo ukungu huanza kuota.

Matengenezo, na nani anaamua

Nyumba ya zamani inakupa uhuru wote na mzigo wote. Unaweza kutoboa dirisha, kupanda mti, kubadilisha paa. Lakini kagua nyaya za umeme kabla ya samani: nyaya zilizowekwa zamani, wakati nyumba ilikuwa na taa nne na redio, hazikutegemea kiyoyozi wala hita ya maji. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu. Paa au dari ya asbesto isiyovunjika iachwe ilivyo; usiikate, usiitoboe wala kuisugua, na ikibidi kuondolewa iondolewe na wenye vifaa na ujuzi.

Nyumba mpya inakupa miaka michache ya utulivu, kisha kasoro za fundi hujitokeza. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida jengo linapokauka. Ufa wa kukatiza kutoka kona ya mlango au dirisha, unaoingia kidole au unaoonekana pande zote mbili za ukuta, unahitaji mhandisi. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Msimu ukipita utajua kama umesogea. Omba michoro ya mabomba na nyaya wakati mjenzi bado anapokea simu zako, na hakikisha makubaliano ya kurekebisha kasoro yameandikwa na yanavuka msimu mmoja kamili wa mvua.

Fleti inakuondolea kazi na kukuondolea uamuzi. Paa likivuja, hupandi wewe, ila pia huwezi kumwita fundi kesho asubuhi. Linasubiri kikao, na kikao kinasubiri akidi, yaani idadi ya kutosha ya wenye fleti. Kabla ya kununua omba kumbukumbu za vikao vya miaka miwili au mitatu. Zisome kama barua. Utaona shida ya pampu inayojirudia, wenye nyumba wasiolipa ada, na kama kuna akiba ya matengenezo makubwa au kila janga huchangishwa upya. Uliza kama unaruhusiwa kubadilisha madirisha, kuweka kivuli cha nje au kufunga mashine ya kiyoyozi ukutani. Kwa mtu ambaye msimu wake mgumu ni joto, katazo la kivuli cha nje ni sababu tosha ya kuondoka.

Kila moja humfaa nani

Nyumba ya zamani humfaa mwenye subira, aliyebakiza akiba baada ya kulipa, na anayependa kuijua nyumba yake kwa mikono. Haimfai anayehitaji kila kitu kiwe tayari wiki ya kuhamia. Nyumba mpya humfaa mwenye familia na ratiba ngumu asiyetaka mafundi miaka ya mwanzo, mradi awe mkali wakati wa kukagua. Fleti humfaa anayesafiri, anayeishi peke yake, mzee asiyetaka tena kupanda ngazi kusafisha mifereji, na yeyote anayeweza kuishi na maamuzi ya pamoja bila kuugua moyo.

Chagua kwa hali yako

Kama mchana wenu ni moto mkavu na usiku unapoa, ipe nyumba ya zamani yenye kuta nene nafasi ya kwanza, ukilinganisha na fleti ya ghorofa ya kati yenye madirisha pande mbili.

Kama joto lenu ni la unyevu na usiku haupoi, tafuta nyumba nyepesi inayopitisha upepo, yenye paa la rangi nyepesi na ukingo mpana. Mara nyingi itakuwa mpya. Fleti ya juu kidogo inayopokea upepo inafaa pia, ila si ile iliyo chini ya zege la paa.

Kama baridi ndiyo inayowatesa, nyumba mpya inayobana na yenye njia ya hewa, au fleti iliyozungukwa na majirani, itakupunguzia gharama kila mwezi. Ya zamani inawezekana kama umetenga fedha za dari na madirisha tangu mwanzo.

Kama mvua ndizo kubwa, sahau kwanza aina ya nyumba, tazama mwinuko wa ardhi. Nyumba yoyote kati ya tatu iliyo juu ya mteremko ni bora kuliko nzuri zaidi iliyo bondeni.

Kama nyumbani kuna mwenye pumu, mtoto mchanga au mzee, kigezo cha unyevu kipe uzito kuliko vyote, na usikubali harufu ya uvundo hata ukiambiwa ni kwa sababu nyumba ilifungwa muda mrefu. Omba ifunguliwe wiki nzima, kisha urudi uinuse.

Kama fedha zitaisha siku ya kulipa, fleti yenye akiba ya pamoja au nyumba mpya yenye makubaliano ya marekebisho ni salama zaidi kwako kuliko ya zamani, hata ya zamani ikiwa na bei ya kuvutia.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, panga kwanza mtaa huohuo kwa msimu mmoja mgumu. Ukishindwa, nenda siku ya mvua bila miadi, usimame barabarani na mwavuli, utazame maji yanakwenda wapi. Halafu bisha hodi kwa jirani uliza, kwa heshima, kama maji yamewahi kuingia. Jirani hana nyumba ya kukuuzia, na mara nyingi atakuonyesha kwa mkono yalifika usawa gani ukutani.